Wateja wako kwenye simu na meza haziachwi: tafuta chanzo kabla ya kulaumu

Malalamiko huja kwa sura moja. Ukumbi umejaa, mlangoni watu wamesimama, jikoni oda zinaingia kwa kudonadona, na kila ukitupa jicho unaona vichwa vimeinamia simu. Mwenye mgahawa anahitimisha papo hapo kwamba simu ndizo zinazomtia hasara. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi simu imeziba pengo ambalo mgahawa wenyewe umeliacha: menyu isiyosomeka, mhudumu asiyeonekana, bili isiyofika. Mteja aliyeachwa bila la kufanya hushika simu, na hata ukimwekea masharti makali kiasi gani, pengo litabaki palepale.

Mwaka 2014 ilisambaa mtandaoni habari ya mgahawa mmoja wa New York uliodaiwa kulinganisha video za kamera za usalama za mwaka 2004 na za 2014, ukakuta wateja wanakaa muda mrefu mno kuliko zamani kwa sababu ya simu. Habari ile haikuwa na jina la mgahawa wala la mwandishi, na haikuwahi kuthibitishwa. Mpaka leo wapo wanaoitaja kana kwamba ni utafiti. Usiendeshe kazi yako kwa hesabu za mtu usiyemjua, maana za kwako unaweza kuzipata kwa jioni mbili tatu tu.

Kwanza, pima

Chagua meza chache, siku yenye wateja wengi, na uandike nyakati sita kwa kila meza: walipoketi, walipoagiza, chakula kilipofika, sahani zilipoondolewa, bili ilipoletwa, na walipoondoka. Saa ya oda na ya bili huenda tayari zimo kwenye mashine ya mauzo. Zilizobaki mhudumu anaandika kwenye karatasi ya oda, nyuma.

Tuseme karatasi moja inasomeka hivi: wameketi saa 1:10 usiku, wameagiza 1:31, chakula 1:47, sahani zimeondolewa 2:25, bili 2:52, wameondoka 3:04. Jumla ni dakika 114, karibu saa mbili, na ukiishia kwenye jumla utasema wateja wa siku hizi hawana haraka. Soma hatua kwa hatua. Jikoni wametumia dakika 16, hawana kosa. Kula kumechukua dakika 38, ni mlo wa kawaida wa watu wanaozungumza. Lakini dakika 21 zimepita kabla ya oda, dakika 27 nyingine zimepita kati ya sahani kuondolewa na bili kufika, na kulipa peke yake kumekula 12. Saa nzima imepotea kwenye vipindi vitatu ambavyo hakuna aliyekuwa anakula wala kupika. Katika vipindi hivyo ndimo simu ilimokuwa mkononi, na ndimo mhudumu alimokuwa mbali.

Wakati unapima, andika pia kama simu ilikuwa mezani na ilikuwa inafanya nini: kupiga picha, kusoma menyu, kutafuta mtandao, kuongea, kutazama video. Kila moja ina chanzo chake na dawa yake, na mwongozo huu unazipitia kufuata safari ya mteja, kuanzia anapoketi.

Je, muda huo unakugharimu kweli?

Swali hili wengi huliruka. Mgahawa una meza 20 na jioni yenye pilikapilika inayodumu saa 4. Kila kundi likikaa dakika 60, meza moja inapokea makundi 4, jumla 80. Likikaa dakika 75, meza moja inapokea wastani wa makundi 3.2, jumla 64. Robo saa imekula makundi 16 kwa jioni moja. Hiyo ni hasara inayoonekana, lakini kwa sharti moja: makundi hayo 16 yawe yanasubiri mlangoni. Kama nusu ya meza ni tupu, mteja anayekaa na simu yake saa mbili hajakunyang'anya kitu. Tena anaufanya ukumbi uonekane una watu, na anayepita nje huvutwa na hilo.

Kipimo kizuri ni mapato kwa kila kiti kwa kila saa, ambacho Sheryl Kimes wa Chuo Kikuu cha Cornell alikifanyia kazi kubwa tangu miaka ya 1990. Chukua mauzo ya saa moja, ugawe kwa viti vyote ulivyonavyo, vilivyokaliwa na vilivyo vitupu. Fanya hivyo kwa kila saa ya kazi. Utaona kwamba tatizo la kukaa lipo kwa saa mbili au tatu za wiki nzima, pengine Ijumaa na Jumamosi usiku, na huko ndiko nguvu zako ziende. Kuwasumbua wateja wa Jumanne mchana kwa sababu ya msongamano wa Jumamosi ni kufukuza watu bure.

"Wameketi dakika ishirini, hawajaagiza"

Hii ndiyo dalili inayolaumiwa simu kuliko zote, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi.

Kabla ya simu janja, mhudumu aliisoma meza kwa macho. Menyu ikifunguliwa, wanachagua. Ikifungwa na kuwekwa kando, wako tayari. Mtu akiinua kichwa na kuangaza ukumbini, anahitaji kitu. Simu imezifuta ishara hizo zote. Menyu imelala pale ilipowekwa, vichwa viko chini, na mhudumu hajui kama wanasoma menyu kwenye simu, wanamsubiri mwenzao, au wanajibu ujumbe. Mhudumu mwenye adabu hujivuta nyuma asije akakatiza. Anarudi baada ya dakika tano, anakuta vichwa bado chini, anajivuta tena. Upande wa pili wa meza, mteja anajiuliza mbona hatuhudumiwi, kisha anarudi kwenye simu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Usimwambie mhudumu "kuwa mwepesi", kwa sababu tatizo halimo miguuni mwake. Mpe ruhusa na maneno. Ndani ya dakika mbili tangu waketi, afike na vinywaji vya kuanzia kama swali la kuchagua: "Karibuni sana. Niwaletee maji ya baridi au ya kawaida wakati mnaangalia menyu?" Swali la kuchagua kati ya vitu viwili hujibiwa hata na mtu aliye na simu mkononi. "Mko tayari?" hujibiwa "bado kidogo", na "bado kidogo" ya mtu aliye kwenye simu inaweza kufika robo saa. Akirudi na maji, asimame upande ambao mwenye simu atamwona bila kugeuza shingo, aweke glasi, anyamaze kidogo. Karibu kila mtu huinua macho glasi inapotua mbele yake. Hapo ndipo aseme: "Leo jikoni wamependekeza hiki na hiki, nikuelezeeni?"

Kama baada ya wiki moja ya kufanya hivi muda wa kabla ya oda haujashuka, angalia menyu yenyewe. Menyu ndefu mno humfanya mteja aingie mtandaoni kutafuta picha na maoni ya watu ili ajue achague nini. Anafanya kazi ambayo menyu ilipaswa kumfanyia. Maelezo ya mstari mmoja chini ya kila chakula, na picha chache za kweli, hupunguza utafutaji huo.

Kuna chanzo kingine kisichopendwa kutajwa: simu ya mhudumu. Mteja akimwona anayemhudumia amesimama kwenye kaunta anatelezesha kidole, anajua hakuna haraka. Kabla ya kuweka sheria kwa wateja, weka kwa wafanyakazi, na iwe na ubinadamu ndani yake. Mtu ana watoto nyumbani na mzazi mgonjwa. Pawe na simu ya mgahawa ambayo ndugu zake wanaweza kupiga kukiwa na dharura, na pawe na muda wa mapumziko wa kushika yake.

"Wanaskani, haifunguki"

Msimbo wa QR, ule mraba ambao mteja huuskani kwa simu ili kufungua menyu, ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani, katika kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Mezani uliingia kwa wingi mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na migahawa mingi imeubakiza bila kuangalia kama unafanya kazi. Pitia vyanzo kwa mpangilio huu, kuanzia kilicho rahisi kupima.

Chukua simu ya zamani kuliko zote walizonazo wafanyakazi wako, kaa kwenye kiti cha mteja, jioni, taa zikiwa kama zinavyokuwa. Ikishindwa kusoma, weka mkono juu ya msimbo kuzuia mwanga wa taa. Ikisoma sasa, tatizo ni mng'ao wa plastiki uliyoufunikia, kwa hiyo badili plastiki inayong'aa uweke isiyong'aa, au usogeze. Kama bado, tazama ukingo mweupe unaouzunguka msimbo. Kanuni inataka upana wa vimraba vinne vya msimbo pande zote, na wachoraji hupenda kuukata ili nembo ikae vizuri. Angalia pia rangi: msimbo wa rangi nyepesi juu ya rangi nyeusi huzishinda baadhi ya simu. Misimbo hii ina viwango vinne vya kujisahihisha, na cha juu kabisa huvumilia karibu asilimia 30 ya msimbo kuharibika. Kwa meza inayofutwa kwa kitambaa kibichi mara kwa mara, chapisha kwa kiwango hicho.

Kama msimbo unasomeka lakini ukurasa haufunguki, kuna mambo mawili ya kawaida. La kwanza: msimbo ulitengenezwa kwa huduma ya majaribio ya bure, muda ukaisha, kiungo kikafa. Misimbo ya aina hiyo hupitia kwanza kwenye mtandao wa aliyeitengeneza, kwa hiyo uhai wake uko mikononi mwake. Tengeneza inayokwenda moja kwa moja kwenye anwani ya tovuti yako. La pili: menyu ni faili kubwa la picha, lile lile lililopelekwa kwa mchapishaji. Mteja mwenye mtandao dhaifu anautazama ukurasa mweupe, anafungua programu nyingine huku akisubiri, na hapo umempoteza. Menyu ya maandishi ya kawaida kwenye ukurasa mwepesi hufunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na mwenye macho dhaifu anaweza kukuza herufi.

Na kila asubuhi, anayepanga meza apitishe kidole juu ya kila msimbo. Matapeli hubandika msimbo wao juu ya wa kwako, mteja akaishia kwenye ukurasa wa kulipia usio wako. Ukihisi ukingo wa stika mahali usipotarajia, ibandue.

Kisha weka menyu chache za karatasi zinazoonekana, zisizohitaji kuombwa kwa aibu. Wapo wasio na chaji, wapo wazee, wapo wanaotaka tu kukaa bila simu kwa saa moja. Menyu inayopatikana kwenye simu peke yake inamlazimisha mtu kushika simu, na simu ikishashikwa, ujumbe ulioingia nao hufunguliwa. Nimeona wenye migahawa wanaolalamikia simu mezani ilhali wao ndio waliomwambia mteja aitoe mfukoni.

"Wi-Fi imeshika lakini intaneti hakuna"

Dalili hii humfanya mteja amwite mhudumu mara tatu, na mhudumu anaacha meza nyingine ili awe fundi. Andika jina la mtandao na nywila mezani kwa herufi kubwa, na maswali mengi yataisha hapo. Yakibaki, sikiliza mlalamikaji anasema nini.

Kama mtandao unakuwa mzuri asubuhi na kufa jioni, tena kwa wageni wapya tu huku waliotangulia wakiendelea, shuku anwani zimeisha. Ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi, humpa kila mgeni anwani na kuishikilia kwa muda uliowekwa, mara nyingi saa 24. Ruta ndogo ina anwani zisizozidi 253 au 254, na nyingine zimewekewa pungufu ya hapo. Wateja wa asubuhi na mchana wameshaondoka, lakini anwani zao bado zimeshikiliwa, na wa jioni hawapati. Ingia kwenye mipangilio ya ruta upunguze muda huo hadi saa moja au mbili. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama.

Kama mtandao unakatika kwa vipindi, hasa jikoni kukiwa na kazi, fanya jaribio hili: weka glasi ya maji ndani ya maikrowevu, iwashe kwa dakika moja, huku mwenzako akitazama simu kwenye meza iliyo karibu na jikoni. Maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, na Wi-Fi ya kawaida hutumia 2.4 GHz, kwa hiyo hugongana. Washa mkondo wa 5 GHz kama ruta yako inao, au ihamishe ruta mbali na jikoni. Ukibaki kwenye 2.4 GHz, tumia chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani.

Jambo moja halina mjadala: mashine za kulipia na kompyuta ya mauzo zisiwe kwenye mtandao mmoja na wageni. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni uliotengwa. Utumie. Hapo hata wageni wakijaa, malipo hayakwami, na mtu mwenye nia mbaya hakuti mlango wazi.

"Chakula kimepoa, nibadilishieni"

Mteja amepiga picha, amechagua nzuri, ameiandikia maneno, ameituma, kisha ameonja. Ni kweli hutokea. Lakini usikubali maelezo hayo kabla ya kushika kipimajoto. Pima chakula kwenye kaunta ya jikoni kinapotoka, kipime tena kinapofika mezani. Kanuni za usalama wa chakula za Uingereza zinataka chakula cha moto kinachosubiri kisishuke chini ya 63°C, na za Marekani 57°C. Ukikuta kimekaa kaunta dakika nane kwa sababu mhudumu alikuwa anamsaidia mtu na Wi-Fi, kupiga picha hakujahusika.

Kama kinafika cha moto na bado kinarudishwa, pasha sahani. Sahani ya baridi hunyonya joto la chakula kwa kasi ya ajabu, na sahani iliyopashwa humpa mpiga picha dakika kadhaa za ziada. Vyakula vinavyoharibika haraka, vya kukaangwa vilivyo vikavu au vyenye povu juu, mhudumu aviseme wakati anaviweka: "Hiki kitamu sana kikiwa hivi hivi cha moto." Hajamkataza mtu picha, ila amempa sababu ya kuharakisha. Na ukirudishiwa, pasha au badili bila uso wa kununa. Anayesimama kubishana na mteja mwenye kamera mkononi ameshapoteza.

Picha zenyewe ni tangazo usilolilipia, kwa hiyo zisaidie zitoke vizuri. Taa zenye rangi ya joto, kati ya 2700 na 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), zinazoonyesha rangi kwa usahihi wa 90 kwenda juu kwenye kipimo cha CRI, zikielekezwa mezani, zitamwondolea mteja haja ya kuwasha tochi ya simu na kuwamulika jirani zake. Picha ikitoka mara ya kwanza, hakuna ya pili wala ya tano.

Mhudumu akiombwa kulipiga kundi picha, apige, kwa furaha, picha mbili au tatu na si kumi. Kisha anawe mikono kabla ya kugusa sahani nyingine. Simu ya mtu imepita kila mahali alipopita mwenyewe.

"Wamemaliza kula, hawaondoki"

Rudi kwenye karatasi yako ya vipimo. Kama pengo kubwa liko kati ya sahani kuondolewa na bili kuletwa, wateja hawajakaa kwa hiari. Wamengoja, na simu imewafanya wangoje kimya. Mtu asiye na simu angeshapunga mkono. Kimya chao kinamdanganya mhudumu kwamba wameridhika.

Wakati wa kuondoa sahani, mhudumu aulize mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kitu kitamu au chai, au niandae bili? Wakisema bili, iwe mezani ndani ya dakika tatu na njia ya kulipia iwe pamoja nayo. Kulipa kwa simu kunafaa sana hapa, kwa sababu simu tayari iko mkononi. Msimbo wa malipo uliochapishwa kwenye bili, wenye kiasi ndani yake, huondoa safari mbili za mhudumu. Kwa kundi linalogawana bili, mashine iweze kugawa kwa viti. Dakika nyingi za kulipa hupotea kwenye watu sita waliofungua kikokotoo.

Lakini kama bili imelipwa na watu bado wameketi na simu, hapo kweli unaona kukaa. Angalia tundu za umeme zilipo. Mwenye chaji asilimia 20 aliyepata tundu hatoki mpaka ifike 80. Ukiwa na meza ndefu ya pamoja au kaunta, hamishia tundu huko, na uziache meza za katikati bila. Kwa siku zenye foleni, muda wa meza utajwe wakati wa kuweka nafasi na wakati wa kuwaketisha, kabla hawajaagiza: "Karibuni, meza hii ni yenu mpaka saa tatu na nusu." Ukisema mwishoni unafukuza watu. Ukisema mwanzoni mmekubaliana.

Kelele

Mwenye kuongea kwa spika na mwenye kutazama video bila vidude vya masikioni huwasumbua wote walio karibu, na jirani zake hawasemi, huondoka tu. Mhudumu amsogelee, ainame, aseme kwa sauti ya chini kuliko ya simu: "Samahani, naweza kukupatia sehemu tulivu zaidi uongee vizuri?" Mara nyingi mtu anashtuka na kuzima spika mwenyewe. Kwa mzazi aliyempa mtoto simu ili apate kula, usimhukumu. Karatasi na kalamu za rangi mbele ya mtoto husaidia kuliko tangazo ukutani.

Vipi nikipiga marufuku?

Unaweza, kama mgahawa wako unauza utulivu na wateja wanaujua kabla hawajaingia. Upo ushahidi kwamba simu hupunguza raha ya kula pamoja: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn waliwakutanisha mezani watu zaidi ya 300 na ndugu au rafiki zao. Wale ambao simu zao zilibaki mezani walitawanyika mawazo zaidi na hawakufurahia sana kama walioziweka kando. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilikuwepo, na mteja ambaye hakufurahia jioni yake hatasema ni simu iliyomharibia.

Hata hivyo marufuku hugonga vibaya kwa daktari aliye zamu, mzazi aliyeacha mtoto nyumbani, na mtu anayetumia simu kusikia au kusoma vizuri. Kuomba kunafaa kuliko kukataza: kikapu kidogo katikati ya meza, na sentensi moja ya mwaliko. Anayetaka ataweka.

Usithubutu kufunga kifaa cha kukata mawimbi. Katika nchi nyingi, zikiwemo Marekani na Uingereza, ni kosa la jinai, na kinazuia hata simu ya kuita gari la wagonjwa. Mwaka 2014 kampuni ya hoteli ya Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 nchini Marekani kwa kuingilia mitandao ya Wi-Fi ya wageni wenyewe katika hoteli moja ya Nashville, na hapo hata simu za kawaida hazikuwa zimeguswa.

"Hapa hawakusema neno, kumbe wameandika mtandaoni"

Dalili hii huchelewa kuonekana, na ndiyo inayoumiza zaidi. Mtu ambaye zamani angemwita meneja sasa anatabasamu, analipa, na anaandika akiwa kwenye gari. Uzito wake si mdogo: Michael Luca wa Shule ya Biashara ya Harvard, mwaka 2011, alikuta kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, iliendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9 kwa migahawa inayojitegemea, isiyo matawi ya kampuni kubwa, huko Seattle, Marekani.

Chunguza mhudumu anauliza lini na anaulizaje. "Kila kitu sawa?" akiwa anapita hujibiwa "sawa" na mtu asiyeinua kichwa. Aulize dakika mbili au tatu baada ya chakula kufika, akiwa amesimama, kuhusu kitu mahususi: "Nyama imeiva ulivyotaka?" Swali la namna hiyo humtoa mtu kwenye kioo cha simu, na kasoro inapatikana ikiwa bado inaweza kurekebishwa. Mfundishe pia kutazama sahani kuliko nyuso. Sahani iliyosukumwa mbali na nusu yake imebaki, simu ikiwa imechukua nafasi yake mbele ya mteja, ni lalamiko ambalo bado halijaandikwa. Mhudumu afike pale kabla vidole havijaanza kuchapa, aulize kuhusu chakula kilichobaki, na awe na mamlaka ya kukibadili au kukitoa kwenye bili bila kwenda kumtafuta meneja.

Kwa maoni ambayo tayari yameandikwa, jibu ndani ya siku moja au mbili, kwa jina lako, ukitaja hasa alichokilalamikia na ulichokifanya kuhusu hicho. Kama amesema alingoja bili nusu saa, nenda kwanza kwenye mashine ya mauzo uangalie saa za usiku ule. Akiwa amesema kweli, mwambie umeiona, na mwambie bili sasa inafika vipi.